Kwa Ajili ya Rufaa Hii Tu

Jonetta Mabry alioka keki ya siagi kwa sababu ya mahakama ya rufaa. Watu wa Tarpley huoka keki mtu akifa, akijifungua, akihamia au akitoka hospitali, lakini kuwaokea keki mawakili wanaobishana huko St. Louis hakuna aliyewahi kufanya. Jonetta alikuwa ameingoja siku hiyo muda mrefu na mikono yake ilihitaji kazi. Aliwaalika wanawake wawili wa Kanisa la Mlima Nebo, mke wa mchungaji na msimamizi wa jiko, waje wasikilize kesi ya mumewe ikirushwa kwa sauti moja kwa moja kutoka mahakamani. Aliwaambia waje wasikie kwa masikio yao Shemasi Verlon akisafishwa jina.

Verlon mwenyewe hakutaka. Alisimama mlangoni mwa jikoni, soksi miguuni, siku ambayo kwa kawaida angekuwa zamu gerezani Cutler Bend na tepe zake za usajini mkononi.

"Wapigie waambie wasije," alisema.

"Niwaambie nini, na keki imeshaumuka?"

"Waambie naumwa."

"Jana ulikuwa juu ya paa la kanisa unapigilia misumari mbele ya kila mtu. Uumwe leo?"

Verlon aliogopa, na alikuwa na sababu ya kuogopa ambayo mkewe hakuijua.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mfungwa aitwaye Cortez Goolsby alimshtaki Sajini Mabry kwamba alimwacha sakafuni mwa selo akiugua tumbo, akilia kuomba daktari, mpaka kidole tumbo kikapasuka. Goolsby hakufa, lakini tangu hapo choo chake kinatoka kwa mfuko uliobandikwa ubavuni, naye hajafika miaka thelathini. Verlon alisema hakusikia kilio chochote. Jaji aliyesoma maneno ya pande zote mbili alikataa kumwachia Verlon, akasema alisikia au hakusikia, hilo litaamuliwa na jopo la raia. Hiyo haikuwa hukumu. Ilikuwa amri ya katikati ya safari, na amri za namna hiyo hazikatiwi rufaa mpaka kesi iishe. Ila mtumishi wa serikali amewekewa mlango wake wa pembeni. Anaweza kwenda kwa majaji wa rufaa mapema akasema kwamba hata kama yote ni kweli, sheria inamkinga.

Wakili wa jimbo, kijana mmoja aitwaye Haskell Prewitt, aliuchukua mlango huo. Wiki kadhaa kabla ya siku ya keki alimpigia Verlon kumweleza masharti yake.

"Mlango ni mwembamba, Sajini," alimwambia. "Hatuingii na maelezo yako. Tunaingia na ya kwake."

"Maana yake nini?"

"Tukibishana kama ulisikia au hukusikia, majaji watasema hilo si letu, rudini kwa jopo. Kwa hiyo tunawaambia, haya, chukueni alivyosema mfungwa, neno kwa neno, na bado sajini ana kinga."

"Yaani unakubali kwamba nilimsikia."

"Kwa ajili ya rufaa hii tu."

Verlon alikuwa amekaa ndani ya gari lake nje ya duka la pembejeo, na watu waliokuwa wakipita walimpungia mkono. Alisema angalau iandikwe mahali fulani kwamba hakusikia. Prewitt alimwonya kwamba maneno hayo yanaweza kuwaharibia. Verlon aling'ang'ania, akasema hawezi kutia jina lake kwenye karatasi inayomwita katili, na kijana wa watu akachoka akaiingiza aya hiyo. Halafu Verlon akamwambia, "Na siku hiyo mahakamani, ukifika hapo, useme kwa sauti ya chini."

Prewitt alicheka akidhani ni mzaha. Alimtuliza kwamba kesi hizo hazisikilizwi na mtu ila mawakili na watu wasio na marafiki.

*

Mke wa mchungaji, Mama Ardith, alifika amevaa kofia, kana kwamba ni ibada. Vonceil Tubbs wa jiko la kanisa alikuja na chai ya barafu yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko. Walikaa kuzunguka meza ya kulia, na kompyuta ndogo ya Jonetta ikawekwa katikati, pale panapowekwa kuku Jumapili. Bi Earline, mama yake Verlon, aliyehamia hapo tangu nyonga yake ivunjike, alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha akimenya kunde katika bakuli.

Walikuwa wakingoja kesi iliyotangulia iishe. Nyuma ya nyumba mbwa alianza kulia na kukwaruza mlango. Verlon aliinuka, akaufungua nusu, akamtazama yule mnyama.

"Ukimaliza kulia, niite," akamwambia, akaufunga.

Wanawake walicheka. Bi Earline alicheka kuliko wote.

"Hilo ni langu," alisema. "Ndilo nililomlelea. Baba yake alipotuacha, huyu alikuwa analia kama bomba bovu. Nikamfungia mlango. Ukimaliza kulia, niite. Mtazameni leo, sajini na shemasi."

"Na binti yetu naye kalelewa nalo," Jonetta aliongeza. "Mpaka leo tukiongea kwa simu, akianza kulalamika, ananiwahi kulisema mwenyewe."

Vonceil alisema wanaume wa siku hizi wangelelewa hivyo gereza lingekuwa tupu. Hapo jina likaitwa kwenye kompyuta, Goolsby dhidi ya Mabry, na Jonetta akaweka kidole mdomoni.

Lazima isemwe kwa nini siku ile ilikuwa na uzito kwa Jonetta. Wilma Goolsby, mama yake Cortez, alikuwa muumini wa kanisa hilohilo. Zamani alipika naye samaki wa mnada wa kanisa, sufuria moja, mwiko mmoja. Kesi ilipofunguliwa, Jonetta alisimama wakati wa ushuhuda, mbele ya watu wote, akasema mume wake hajapata kumfanyia kiumbe ukatili, na kwamba kuna watu wanaofuata fedha za serikali kwa kuchafua majina ya wengine. Hakutaja jina. Hakuhitaji, maana alimtazama. Tangu siku hiyo hakuna aliyemfukuza Wilma jikoni, ila kila alipokuja aliambiwa kazi zimekwisha. Mwishoni akaacha kuja jikoni, akawa anakaa benchi la nyuma karibu na feni.

Sauti ya Prewitt ilisikika ikijitambulisha. Haikuwa hata imemaliza sentensi ya pili pale jaji mwanamke alipoikata.

"Wakili, kabla hujafika huko. Hii si amri ya mwisho. Umefika kwetu kabla ya kesi kwisha, na tuna mamlaka ya kukusikiliza kwa swali la sheria peke yake. Lakini katika maandishi yako kuna aya inasema sajini hakusikia. Umekuja na maelezo ya nani leo?"

"Ya mfungwa, Mheshimiwa."

"Yote?"

"Yote, Mheshimiwa."

Jonetta aliwatazama wageni wake akatabasamu kidogo, kama mtu anayeomba radhi kwa chakula kilichochelewa. Alidhani wakili anatega mtego.

"Unakubali kwamba Bwana Goolsby aliita msaada kuanzia chakula cha jioni hadi usiku wa manane?"

"Kwa ajili ya rufaa hii tu, ndiyo."

"Kwamba sajini alifika kwenye selo, akamwona amelala sakafuni katika matapishi yake?"

"Kwa ajili ya rufaa hii tu, ndiyo, Mheshimiwa."

"Na kwamba alimwambia, nasoma hapa, 'Ukimaliza kulia, niite,' akaondoka?"

Prewitt alikohoa. Pengine alikumbuka ombi la sauti ya chini, maana jibu lake lilitoka dogo sana, lakini sauti ya kompyuta ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho.

"Kwa ajili ya rufaa hii tu. Ndiyo."

Hakuna aliyecheka. Bakuli la Bi Earline lilisimama magotini na vidole vyake vikabaki ndani ya kunde. Jonetta alimtazama mumewe, na mumewe akaitazama keki. Kompyuta iliendelea kusema mambo ya kinga na ya haki zilizo wazi na zisizo wazi, lakini mezani pale hakuna aliyekuwa akiisikiliza. Nyuma ya nyumba mbwa alianza tena kulia. Alilia muda, wote wanasikia, mpaka Mama Ardith, mgeni mwenye kofia, alipoinuka akaenda kumfungulia.

Wageni hawakukaa. Vonceil alikumbuka kwamba ana miadi, na Mama Ardith akasema mchungaji atakuwa na njaa. Jonetta alikuwa amewawekea vipande katika karatasi ya foili, maana Tarpley mgeni haondoki mikono mitupu, na kukataa sahani ya mwenyeji ni kumtukana. Aliwafuata navyo hadi mlangoni. Walimshukuru sana, wakaviacha juu ya kabati la viatu.

*

"Ni lugha ya mahakama," Verlon alisema walipobaki. "Ni kama kusema, tuseme. Tuseme mvua itanyesha. Hainyeshi kwa sababu umesema. Prewitt alinieleza."

Jonetta alikuwa akikusanya glasi ambazo hazikunywewa.

"Alikueleza lini?"

"Wiki chache zilizopita."

"Ukaniacha niwaite watu."

"Nilikuambia wasije."

"Uliniambia niseme unaumwa."

Bi Earline aliinuka kwa mkongojo wake, jambo ambalo kwa kawaida alikuwa akingoja kusaidiwa. Alipita katikati yao akaenda chumbani kwake, akafunga mlango taratibu.

Jonetta aliziweka glasi chini. Hakuwa mwanamke wa kupiga kelele, na katika ndoa yao yote Verlon aliuogopa zaidi ukimya wake. Alisema wafungwa wanasingizia mengi, hilo anajua, ameishi na askari jela maisha yake yote. Wanaweza kusingizia kipigo. Wanaweza kusingizia tusi. Matusi ya askari yote ni mamoja, mtu anaweza kuyatunga.

"Lakini lile," alisema, "lile ni la nyumba hii. Yule kijana alilitoa wapi?"

"Watu wanasikia vitu."

"Verlon. Sikuulizi kwa ajili ya rufaa."

Alikaa. Alikaa kwenye kiti cha Mama Ardith ambacho kilikuwa bado kimegeukia mlango, akaongea akiutazama mlango. Alisema wiki ile walikuwa askari wawili kwa mabloku matatu. Alisema kila zamu kulikuwa na mtu anayejifanya mgonjwa ili alale hospitali kwenye ubaridi, maana kiangazi kile ndani ya Cutler Bend ukuta ulikuwa unatoa jasho. Kumtoa mfungwa mmoja ni kuita gari, kuita askari wa kumsindikiza, kuamsha mkubwa wa zamu ambaye haamshwi bila kutukana. Alidhani anajifanya. Halafu akajisahihisha. Alisema mwanzoni alidhani anajifanya.

"Na ulipomwona?"

"Nilisema nitarudi."

"Ulienda wapi?"

Hilo ndilo lililomshinda. Shingo yake ilishuka, na mtu mzima yule, aliyebeba majeneza ya nusu ya mji, akaishusha na sauti.

"Nilikwenda kula," alisema. "Ulinifungia viazi na nyama. Nilikula, nikakaa kidogo. Ukelele ukaisha, nikasema, unaona, amelala."

Jonetta alikikumbuka chakula kile, au vingine mia vinavyofanana nacho. Kumbe mkono wake ulikuwemo. Alijua ni ujinga kufikiri hivyo lakini alifikiri hivyo, na juu yake akaikumbuka siku ya ushuhuda, sauti yake ilivyopanda, watu walivyomjibu amina, na Wilma alivyokuwa ameinamisha kichwa akitafuta kitu ndani ya mkoba wake ambacho pengine hakikuwemo. Uso ulimwaka. Hakumhurumia mumewe wakati ule. Aliona haya tu, haya ya mwili mzima, akatamani kuvua ngozi.

*

Siku zilizofuata Jonetta alianza kununua chakula mji wa jirani. Kanisani aliingia wimbo wa kwanza ukiwa umeanza na kutoka kabla ya baraka. Haikumsaidia. Maneno ya mahakama yalikuwa yameufikia mji kabla kunde za Bi Earline hazijaiva. Kwenye kituo cha mafuta kijana mmoja, mtoto wa watu, alimwona Verlon akihangaika na pampu iliyogoma, akamwambia, "Ukimaliza, Shemasi, niite," na wenzake wakageukia ukuta kucheka. Verlon alijaza mafuta akalipa. Bi Earline naye aliacha kabisa kusema lile neno. Mbwa alipolia alifunguliwa upesi, hata akashangaa.

Keki ilikaa mpaka ikaota ukungu. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuila wala wa kuitupa, na mwishowe Jonetta aliifukia bustanini kama kuku aliyekufa kwa ugonjwa.

Kisha Prewitt akapiga simu. Jonetta alimtaka Verlon aiweke simu mezani asikie naye. Prewitt alieleza kwamba rufaa imetupwa. Majaji hawakusema Verlon ana kinga wala hana; wamesema hawana mamlaka. Midomo ilikubali lakini karatasi ilibisha, na ubishi wa nani alisikia nini si kazi yao kabla ya kesi kwisha. Kila kitu kinarudi kwa jopo la raia.

"Ni ile aya yako, Sajini," alisema, bila ukali. "Nilikuonya."

Verlon alisema anajua.

"Ila usivunjike moyo. Yale niliyokubali St. Louis yamekufa na rufaa yake. Hayakufungi. Mbele ya jopo unaapa, unasema hukusikia, kama ulivyosema siku zote. Ni neno lako na la mfungwa. Na mke wako akae nyuma yako, Sajini. Raia wanapenda kuona mke."

Verlon aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia habari za jirani, itakuwaje askari akisema alisikia. Prewitt alisema hilo asingependa kulijadili kwenye simu. Akasema ila, kwa jumla tu, askari wa namna hiyo angepoteza kazi, na jimbo linaweza kukataa kumlipia fidia, na hapo ikaenda nyumba yake, gari lake, pensheni yake. Akasema ana hakika hawazungumzii jambo la namna hiyo. Verlon akamjibu hapana, hawazungumzii.

Simu ilipokatika alimtazama mkewe.

"Utakaa nyuma yangu?"

Jonetta alichukua funguo za gari akatoka.

*

Wilma Goolsby alikuwa barazani kwake akishona kwa uzi wa nailoni wavu wa mlango uliotoboka. Aliliona gari, akamwona aliyeshuka, akaendelea kushona. Jonetta alisimama chini ya ngazi. Hakukaribishwa, na alijua hastahili kukaribishwa, lakini jua lilikuwa kali na alitamani angalau aambiwe apande kivulini.

"Dada Wilma, habari za siku."

"Za siku zipo."

"Cortez anaendeleaje?"

"Ana mfuko ubavuni. Anaendelea nao."

Jonetta alikuwa amepanga maneno mengi barabarani na yote yalikuwa yamemkimbia.

"Alimsikia," alisema.

Wilma alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Hilo ndilo ulilokuja kuniambia? Mwanangu aliniambia siku ya kwanza alipoweza kuongea. Sijawahi kuwa na shida ya kujua."

"Nimekuja kuomba radhi. Yale niliyosema..."

"Uliyasema wapi?"

Jonetta alitazama nyuma, kule lilipokuwa gari.

"Nakuuliza, Jonetta. Uliyasemea hapa barazani kwangu?"

"Kanisani."

"Kanisani. Umesimama, umevaa vizuri, watu wanakuitikia amina. Leo umekuja peke yako, na gari umeliacha kule nyuma ya mti lisionekane barabarani. Mnatuaibisha hadharani, radhi mnatuletea uani." Hakupandisha sauti. Alitunga uzi mwingine kwenye sindano, akakosa tundu, akajaribu tena. "Nilikuwa nawapikia samaki watoto wenu. Mkaniambia kazi zimekwisha. Mimi nilikuwa nakuja kanisani kwa sababu sina pengine pa kumwombea, na kila Jumapili nilikuwa napita mbele ya mume wako ashike sahani ya sadaka nitie. Nikatia. Kila Jumapili nimetia mkononi mwake."

Jonetta alisema anajua.

"Hujui. Nenda nyumbani."

Alikwenda. Gari kweli alikuwa ameliegesha nyuma ya mti, na alipokuwa akiligeuza hakuweza kujidanganya kwamba lilikuwa kwa ajili ya kivuli.

*

Jumapili hiyo walikaa wote watatu benchi la pili, mahali pao. Njiani Jonetta alikuwa amemwambia mumewe atakachofanya. Verlon alimkumbusha habari ya nyumba na ya pensheni. Bi Earline, kiti cha nyuma, alisema aibu ya ndani haitolewi nje. Jonetta akamjibu kwamba ilitoka zamani, Mama, kilichobaki ndani ni sisi.

Ushuhuda ulipotangazwa alisimama. Kanisa lilikuwa limejaa, maana watu hawakosi pale wanapohisi kitu, na Vonceil alikuwa amejiweka mahali pa kuona vizuri. Jonetta alishika benchi la mbele kwa mikono miwili. Alisema jina lake, ingawa kila mtu analijua. Alisema kwamba aliwahi kusimama hapo akasema neno juu ya dada mmoja wa kanisa hili, na kwamba huyo dada ni Wilma Goolsby, na kwamba lile neno lilikuwa uongo.

Hapo alifungua mdomo pakatoka mkoromo, kisha machozi, kisha kile kilio kibaya cha pua na mabega ambacho mtu mzima hapendi kuonwa nacho. Kanisa la Mlima Nebo lina desturi yake. Mtu akizidiwa katika ushuhuda, watu humwambia chukua muda wako, dada, kutoka kila upande, mpaka apate pumzi. Hakuna aliyesema. Mchungaji alitazama Biblia yake. Jonetta alilia mbele ya watu wote, na kimya chao kikamlemea kuliko laana. Akajua kwamba ndivyo ilivyokuwa, ndivyo hasa, kwa mtu kulia na watu wapo.

Sauti ikatoka nyuma, karibu na feni.

"Nakusikia, Jonetta," Wilma alisema. "Endelea."

Haikuwa sauti ya upole. Ilikuwa ya mtu anayelipa deni lisilo lake ili aondoke. Lakini Verlon aliposikia neno lile alishtuka kama aliyeguswa na umeme. Aligeuka akatazama benchi la nyuma, mara ya kwanza tangu mambo hayo yaanze, akamwona yule mama na mkoba wake magotini. Akainuka. Bi Earline alimshika pindo la koti, akalivuta kwa nguvu zake zote za kizee, kama anavyovutwa mtoto asivuke barabara. Verlon aliutoa mkono wa mama yake kidole kimoja kimoja.

Mkewe alikuwa bado akilia. Verlon alisimama kando yake, si mbele wala nyuma.

"Nilimsikia," alisema.

Alisema kwa sauti kubwa, ya askari, iliyofika mpaka kwenye feni. Watu walingoja aongeze neno, maana kwa kawaida huwa kuna neno la kuongeza. Hakuongeza, na mle kanisani hakuna aliyemwuliza ni kwa ajili ya nini.